Kwa Nini ya Tano

Mwanangu aliporudi kutoka semina, kitu cha kwanza alichokiona nyumbani kwake kimekaa mahali pasipofaa nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda changu kati ya mabeseni na kamba za kuanikia, pale jua la asubuhi linapofika mapema, nakunywa chai na kutoa maoni. Mkewe alikuwa anapita na ndoo, akifika kwangu anakata kona, akishanipita anarudi kwenye njia yake. Alikuwa akikata kona hiyo tangu aolewe, na hakuna aliyeona ajabu. Mwanangu akasimama na begi mgongoni na kofia ya semina kichwani, akatutazama kama daktari anayetazama kidonda, kisha akaniambia kwa upole kwamba pale nilipokaa palikuwa pakileta upotevu wa mwendo.

Nimeitwa mengi katika maisha haya, na mengine nilistahili. Upotevu wa mwendo lilikuwa jina jipya.

Yeye anafanya kazi kiwanda cha magodoro, upande wa kukata sponji. Wakubwa wake walikuwa wamempeleka yeye na wenzake kufundishwa namna ya kufanya kazi bila kupoteza: bila kungoja, bila kubeba kitu mara mbili, bila kulundika, bila kurudia kilichokwisha kufanywa. Tena isiwe kwa mapinduzi makubwa. Iwe kidogo kidogo, kila siku, kwa kila mtu, mpaka mwisho wa dunia. Alirudi na cheti, akakitundika juu ya kitanda cha ndoa. Kule kiwandani wakamruhusu kuboresha rafu moja ya gundi, basi. Ile ari iliyobaki, na ilikuwa nyingi, akatumalizia sisi. Sisi hatuna chama cha wafanyakazi.

Kazi yetu hapa uani ni udobi, na udobi ni wa mkewe. Yeye ndiye aliyeuanzisha kwa kufua nguo za majirani, akapanda mpaka akapewa mashuka ya kliniki ya wazazi. Niseme ukweli, mashuka hayo ndiyo yanayotulisha. Magodoro yanatupa heshima tu. Yupo pia mwanamke mmoja anayefua nasi kwa ujira, tunamwita Chapchap, kwa nia ileile ambayo watu humwita mwenye upara Nywele.

Sitaki kuwa mkorofi: mengi ya mwanangu yalikuwa na faida. Mabeseni aliyainua juu ya matofali, migongo ikapona. Meza ya pasi aliihamishia chini ya mwisho wa kamba, kwa hiyo shuka likishuka linatua mezani lenyewe. Chapchap alianza kurudi kwake mapema mpaka mumewe akaja kuuliza kama kazi imepungua. Lakini ukishampa mtu nyundo, hata paji la uso wako ataliona kama msumari. Akaingia jikoni, akachora ukutani kwa chaki umbo la kila sufuria, ili isiyokuwepo ijulikane. Akachora umbo la mwiko. Akazungushia chaki viatu vyangu vya kuogea, nikawa naogopa kulala muda mrefu asije akanizungushia na mimi.

Halafu akavitenga vitu ambavyo hakuna mtu aliyekuwa akivitumia, akavirundika langoni vingoje mnunuzi wa vyuma chakavu. Redio iliyokufa, mwavuli wa marehemu baba yake uliobaki mifupa, cherehani isiyo na gurudumu. Karibu vyote vilikuwa vyangu. Nililitazama lile rundo nikaona tunafanana.

Mimi mwenyewe nilihamishiwa barazani. Mama, pumzika, akasema. Hilo neno nalichukia kuliko upotevu. Mtu akikwambia pumzika na hujachoka, ujue ameshakutoa kwenye hesabu. Nikakaa barazani siku kadhaa, nikipumzika kwa hasira, nikikohoa kila mtu alipopita, mpaka mkewe akamwambia usiku kwamba Mama hawezi kukaa bure vile, atafutiwe kitu. Nilisikia. Ukuta wa nyumba hii ni mwembamba, na masikio yangu hayajawahi kuwa na tatizo.

*

Nikatafutiwa ukaguzi.

Nikawekewa meza mwisho wa kazi yote, baada ya pasi na kabla ya kufunga mafurushi. Kila shuka lilipitia mikononi mwangu. Ukingoni mwa meza mwanangu akafunga kengele ya baiskeli. Akatukusanya wote, akaeleza: yeyote akiona kasoro apige kengele. Ikipigwa, kila mtu aache alichoshika, aje aone. Hapo kasoro itaulizwa kwa nini, jibu nalo liulizwe kwa nini, mpaka mara tano, kwa sababu jibu la kwanza ni la kujitetea, na la tano ndilo mzizi. Na hakuna kumlaumu mtu. Tunalaumu njia ya kazi.

Chapchap akauliza je, na mtu mwenyewe akiwa ndiyo njia.

Mimi nilikuwa nimeshika kengele. Jamani, nimezaa, nimezika, nimesimamia harusi, lakini sijawahi kupewa kitu ambacho nikikigusa kwa kidole gumba watu watatu wanasimama. Juma la kwanza niliipiga kwa haki: pindo lililofumuka, kifungo cha foronya, alama ya pasi. Tukauliza kwa nini, tukafika kwenye mzizi, tukarekebisha. Mwanangu akang'aa kama sufuria.

Juma la pili nikaipiga kwa sababu chai ilichelewa. Tukauliza. Chai ilichelewa kwa sababu maji yalichelewa kuchemka, maji yalichelewa kwa sababu mkaa ulikuwa mbichi, mkaa ulikuwa mbichi kwa sababu aliyeununua alikuwa na haraka, alikuwa na haraka kwa sababu amegombana nyumbani, na kwa nini ya tano tukaingia chumbani kwa Chapchap na mumewe, mahali ambapo hatukualikwa. Chapchap akasema yeye alikuja kufua.

Sasa niseme la macho. Macho yangu yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Mwanzoni nilijiambia ni mvuke wa pasi. Halafu nikajiambia ni vumbi. Asubuhi moja nilimsalimia jirani aliyesimama karibu na kamba, nikamuuliza habari za watoto, nikaona ananikalia kimya na kupepesuka, nikaondoka nikisema moyoni ana kiburi siku hizi. Baadaye nikaambiwa pale palikuwa na gauni limeanikwa. Nikacheka na wao, nikasema nilikuwa natania.

Kwa macho hayo nikawa nakagua mashuka ya wazazi. Palipokuwa na kivuli cha jani niliona doa, nikapiga. Nzi akitua, nikapiga. Wakaja mbio, wakatazama, mkwe wangu akasema ahsante Mama, tumeona, akalichukua shuka lililo safi akalisuuza tena. Na palipokuwa na doa lenyewe niliona weupe, nikalikunja vizuri, nikalipigapiga kwa kiganja kama mtoto aliyeshiba.

Wakati wa jioni, nikishaingia kuoga, mkwe wangu alikuwa akiyafungua mafurushi yote. Analitazama kila shuka, lenye doa analitoa, analifua upya, analikunja kama nilivyolikunja mimi, kwa mkunjo wangu wa upande ambao yeye haupendi, analirudisha mahali pake. Hakumwambia mumewe. Chapchap alijua, akawa anaimba kwa sauti ili nisisikie maji. Kwenye nyumba iliyofuta upotevu wote, kazi nzima ya siku ilikuwa inafanywa mara mbili, na yote kwa ajili yangu.

*

Siku ya mkosi ilikuwa ya mawingu. Mashuka hayakauki, pasi inafuka mvuke, kila mtu ana haraka. Na mimi katika mwanga ule mbaya nikaona madoa kama nyota. Nikapiga. Wakaja, hamna. Nikapiga tena. Mwanangu alikuwa kazini, lakini sheria zake zilikuwepo, kwa hiyo kila nilipopiga waliacha. Mara moja Chapchap alifika akiwa na povu mpaka viwikoni, akatazama nilipoonyesha, akatazama juu, akasema Bibi, huyo ni kunguru, kapita.

Wa mkokoteni wa kupeleka mzigo kliniki akafika, mafurushi ndiyo kwanza yanafungwa. Kliniki walikuwa wameshapiga simu, vitanda viko wazi, wanawake wanangoja. Mkwe wangu alishika fundo la furushi la mwisho kama anataka kulifungua. Akanitazama. Nilikuwa nimenyooka mezani kwangu kama hakimu. Ningeingia kuoga angefungua, lakini sikuingia. Akakaza fundo, akalipakia.

Kesho yake mkunga mkuu akaja mwenyewe, nyuma ya pikipiki, na furushi mapajani.

Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Mwanangu alikuwepo, alikuwa na zamu ya mchana. Mkunga hakukaa wala hakunywa maji. Alilitandaza shuka juu ya meza yangu, mbele ya majirani ambao ghafla wote walikuwa na kitu cha kuanika kando ya ukuta, akaweka kidole. Sikuliona doa. Nililijua kwa namna uso wa mkwe wangu ulivyoinama.

Akasimulia bila kupunguza sauti. Mama wa mzazi mmoja alilifunua shuka, akakataa binti yake alale pale. Akasema mbele ya wodi nzima kwamba mwanawe hajaja kuzalia kwenye damu ya mwingine. Binti alisimama na uchungu wake, ameshika ukuta, wakati linatafutwa shuka jingine. Nalo lilikuwa na doa. "Mimi ndiye ninayewahubiria usafi," mkunga akasema. "Leo nimehubiriwa." Amekuja kuchukua mashuka yake yote, yaliyofuliwa na yasiyofuliwa. Ng'ambo ya barabara kuna dobi mwenye mashine.

Mkwe wangu akaanza kuyakusanya. Miaka yake yote ya kuchubuka vidole alikuwa anaikunja pale, mmoja juu ya mwingine.

Mwanangu akapanguza jasho. Akamwomba mkunga atupe nafasi kidogo, kwa maana sisi hapa tuna njia yetu ya kutafuta mzizi wa tatizo. Mkunga akamuuliza kama njia hiyo inatoa madoa. Akasema inauliza tu. Mkunga akakunja mikono, akasema haya, uliza, pikipiki inanisubiri.

"Kwa nini shuka lilitoka na doa?"

Chapchap akawahi kusema labda halikulowekwa vya kutosha, akawa tayari kujitwika lawama. Mkwe wangu akatikisa kichwa. "Damu ikikauka hubaki, unarudia. Lilitoka kwa sababu halikuonekana pale mezani."

"Kwa nini halikuonekana mezani?"

Wakanigeukia wote. Mimi nikatazama mawingu. Nikasema nililikagua kila moja, na ulikuwa ukweli mtupu, niliyakagua kwa bidii kubwa sana.

"Kwa sababu jana sikupata nafasi ya kukagua baada ya Mama," mkwe wangu akasema.

Mwanangu akashangaa, akauliza kwani yeye hukagua baada ya Mama, nayo tukaihesabu ya tatu. Akajibiwa kila siku. Nikamwona, au tuseme nikamsikia, akitafuta jina la upotevu huo kati ya yale aliyofundishwa. Na kwa kuwa amefundishwa vizuri, na hajui pa kuacha, akauliza tena.

"Kwa nini ukague baada ya Mama?"

Nguo zilidondosha maji kwenye kamba. Mkwe wangu akamwambia mkunga basi, yaishie hapo, ayachukue mashuka yake aende. Mkunga akasema hapana, malizeni, nauli nimeshalipa.

Mkwe wangu akaliambia shuka, si sisi. "Kwa sababu Mama haoni."

Mwanangu alikuwa amebakiwa na kwa nini moja. Akaitoa kwa sauti ndogo. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe, mama yangu mimi ungemwambia?"

Akamfikiria mama mkwe wake. Akaketi kwenye ukingo wa beseni, maji yakamwingia kwenye suruali ya kazi, asiinuke. Yeye ndiye aliyeleta nyumbani neno la kwenda mahali kazi inapofanyika na kutazama kwa macho yako. Alikuwa ametazama ndoo, kamba, mwiko na viatu vyangu vya kuogea.

Mkunga akanishika kidevu, akaniuliza anaonyesha vidole vingapi. Nikasema vitatu, kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Alikuwa ameshika kalamu. Akanigeuza kwenye mwanga, jicho hili, jicho lile, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, tena wa muda. Akaniuliza kama nilijua.

Ningeweza kutania. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. "Nilijua," nikasema.

"Na hukusema."

"Nikisema, nitaambiwa nikapumzike."

Mkwe wangu ndipo akaniinulia uso. Sijui ulikuwaje, kwangu ulikuwa wingu lenye kitambaa cha kichwa. Lakini alinitazama muda mrefu.

*

Mkunga akasema hakuja kusikiliza mambo ya ukoo, ana wanawake wanaozaa leo. Akainua furushi. Hapo mkwe wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, akaweka mkono juu ya furushi lile.

"Jua limetoka," akasema. "Kaa hapa utazame mwenyewe. Yasiyokuridhisha, mpelekee mwenye mashine."

Mkunga akatazama jua, akatazama mkono. Akamwambia wa pikipiki aende.

Tukafua. Mwanangu akavuta maji, akanyamaza, na alinyamaza vizuri kuliko alivyofundisha. Chapchap siku hiyo alistahili jina lake. Mimi nikawa nazungukazunguka katikati, nagusa hiki, naachia kile, nikijaribu kuonekana nimejuta na bado nina faida, mpaka nikasikia nyuma yangu:

"Mama, toka hapo, unanikinga mwanga."

Hakuna samahani mbele wala tafadhali nyuma. Nikatoka. Kisha akanipa ncha ya shuka lililolowa, akashika ncha nyingine, tukaanza kulisokota, yeye kulia, mimi kushoto. Kazi hiyo haitaki macho. "Kaza, Mama. Unalegeza." Nikakaza. "Unageuza upande wangu, geuza wako." Nikageuza wangu. Maji yakashuka mpaka miguuni, shuka likawa gumu kama kamba, na kwa ncha ile nikausikia mkono wake unavyovuta, kwamba ana nguvu kunishinda sana, na kwamba tangu aingie nyumba hii alikuwa ananivuta taratibu.

Mkunga alilinyanyua kila shuka juani, mbele na nyuma. Moja akaliweka kando. Mkwe wangu akalichukua, akalirudia. Yalipokwisha, mkunga akahesabu, akafunga mwenyewe. Akasema Jumatatu ataleta mengine, ila mpaka mwisho wa mwezi atatuma mtu wake wa kukagua, tena siye mama huyu. Langoni akageuka. Kuna daktari wa macho anayefika kliniki, akasema, wanilete Jumanne. "Msimbembeleze. Mleteni."

Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji na kufunguliwa bandeji, la kushoto lina tarehe yake. Nimemwona mkwe wangu. Ana mvi, na mimi sikupewa taarifa. Nimejiona na mimi kwenye kioo, na kwa hilo nilimlaumu daktari.

Mashuka yapo. Mwisho wa mwezi mtu wa mkunga aliacha kuja. Kilichobadilika ni mkwe wangu, maana tangu siku ile ameonja kusema, na imemkolea. Ananiambia chumvi yangu imezidi. Ananiambia nakoroma. Jana ameniambia kisa changu cha jirani na gauni wamekisikia wote, tena mara nyingi, na si kizuri kama ninavyodhani. Mwanangu anasema huo ndio uboreshaji wenyewe, kidogo kidogo, kila siku, hauna mwisho. Nimemuuliza kama hakuna namna ya kuusimamisha angalau siku za mapumziko. Mkewe akajibu kutoka jikoni, kabla hajaulizwa, kwamba hakuna, na kwamba gauni nimelivaa nje ndani.

Nilikuwa nimelivaa nje ndani kweli. Nimeingia kuligeuza.